Nimemshika baba mkwe mikono, na onyesho la watoto limekaribia

Nakivale, 2 Novemba 1987

Mama Halimah, salaam kutoka huku ziwani, naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana dada yangu nilimwambia nusu ya habari hii akacheka mpaka akakaa chini, na ile nusu nyingine sikuweza tena kumwambia.

Mimi nina miaka ishirini na minne, nina watoto wawili, mkubwa ana miaka minne na mdogo wangu Madinah ana miezi minane bado ananyonya, nilizaliwa kambi ya Makenke kwa sababu baba yangu alikuwa askari, shule niliishia darasa la saba, lakini mwaka jana walipotafuta watu wa kusaidia shule ya msingi ya hapa Nakivale nikachukuliwa niwe na watoto wadogo, wakanipeleka Mbarara wiki mbili kujifunza namna ya kuwafundisha mazoezi ya viungo, yaani kupiga pindu, kusimama kwa mikono, kutembea juu ya gogo bila kuanguka, kuruka kamba na kudaka mpira. Vifaa hatuna. Magodoro yetu ni magunia tumeyajaza majani makavu ya migomba, gogo letu ni mti wa kalitusi uliokatika kwa upepo, mpira ni majani na kamba, na mimi mwenyewe ndani ya gauni navaa kaptula ya mume wangu ili nikisimama kwa mikono watu wasione wasichotakiwa kuona.

Lakini Mama, sijawahi kupenda kazi kama hii. Hapa ni makazi ya wakimbizi, watoto wengine ni Wanyarwanda, wengine Wazaire, wengine wenyeji, wakati wa hesabu kila mmoja anakwenda kukaa na watu wa lugha yake, ila nikipuliza filimbi ya mazoezi wanajipanga kwa urefu wenyewe, hakuna anayeuliza huyu katoka wapi, wanagombana tu nani mrefu. Kuna mtoto anaitwa Provia, ana miaka saba, mdogo kama ana mitano, alipokuja alikuwa hawezi hata kuruka mfereji, anashika sketi yangu, sasa anapiga pindu tatu mfululizo halafu anasimama anatazama kama kuna mtu amekosa kuona.

Sasa sikiliza. Mume wangu Muzamiru ana duka dogo hapa senta, mkabala na uwanja wa shule, na wazazi wake walihamia kwetu kutoka Ruti, pale Mbarara, baada ya vita vya sabini na tisa. Asili yao ni Masaka, na kwao kuna heshima ya ukwe wanayoiita buko, wewe unaijua lakini wasomaji wengine hawaijui: mke wa mtoto hamgusi baba mkwe, hakai naye mkeka mmoja, hampitii karibu, hamtazami usoni, na ukimgusa wanasema mikono yako itaanza kutetemeka na itatetemeka mpaka uzeeni. Mimi nimeolewa miaka mitano sijawahi kumpa hata kikombe mkononi, nakiweka chini, narudi nyuma, anakichukua.

Na huyu baba mkwe wangu, jina lake sitaji, zamani alikuwa mwalimu wa mazoezi jeshini, watoto wanamwita Sajini. Alianza kwa kututazama kutoka barazani kwa duka. Halafu akaanza kukohoa mtoto akikosea. Halafu siku moja uvumilivu ukamwisha akasimama ukingoni mwa uwanja, amenipa mgongo kwa heshima, akaita kwa sauti ile ya paredi:

“Provia! Mwambie mwalimu, mwenye shati jekundu anatanguliza kichwa badala ya mikono. Atavunja shingo!”

Provia akakimbia hatua kumi mpaka kwangu, akapiga saluti. “Mwalimu, Sajini anasema shati jekundu atavunja shingo.”

“Mwambie Sajini nimesikia, ahsante.”

“Sajini, amesikia, ahsante!”

Ndiyo ikawa kazi yetu Mama, miezi minne, baba mkwe upande ule, mimi upande huu, Provia katikati anakimbia na maneno, na watoto wakawa wazuri mpaka watu wa senta wanafunga biashara saa kumi jioni kuja kutazama. Na huyu mtoto naye anaongeza yake. Siku moja Sajini alisema, “Mwambie mwalimu sauti yake imekuwa ndogo.” Provia akafika kwangu, “Mwalimu, Sajini anasema ule chakula.”

Mchezo wetu wa mwisho unaitwa Malkia. Watu wazima wawili wanashikana vifundo vya mikono, mikono minne inakuwa kiti, Provia anapanda anasimama juu ananyoosha mikono yake, na wenzake wote wanapiga pindu kumzunguka. Nilikuwa naufanya na Mwalimu Kasereka, Mzaire wa darasa la tano, mtu mwema sana, lakini mwezi uliopita alianguka na baiskeli akavunjika mfupa wa bega, akanijia amefungwa kitambaa shingoni, akasema, “Mwalimu, miye mukono haiko. Munganga alisema wiki sita. Lakini batoto bamejifunza mingi, usibaache hivi. Tafuta mutu wa fasi yangu.”

Mtu wa nafasi yake nikamtafuta wapi? Walimu wengine wanasema wao si watu wa sarakasi. Nikajaribu na msichana mmoja mkubwa wa darasa la saba. Siku ya Alhamisi, wiki tatu zilizopita, mikono yake ikateleza kwa jasho, Provia yuko juu, akaanza kwenda kinyumenyume. Baba mkwe siku hiyo alikuwa amesogea karibu kuliko kawaida. Sikumwona akiruka gogo. Nilinyoosha mikono tu, na yeye akanyoosha yake, na mtoto akatua katikati, na nilipotazama chini niliona mikono ya baba mkwe imeshika vifundo vyangu na yangu imeshika vyake, barabara kabisa, kama Malkia inavyotakiwa, na Provia amekaa juu yake kama yuko kwenye kiti cha sebuleni. Akapiga saluti. Watoto wote wakapiga makofi, walidhani ndivyo tulivyopanga.

Tulisimama hivyo Mama, labda mpaka ukihesabu nne. Halafu akamweka mtoto chini taratibu, akaokota kofia yake, akaondoka.

Tangu siku hiyo haji uwanjani. Nikipita uani anajificha nyuma ya jiko, mzee mzima, naona kofia. Chakula nikikipika mimi anasema ameshiba. Mama mkwe amenishika juzi kisimani, “Wewe mwanamke, umemfanya nini mzee wangu? Umezidisha chumvi? Maana hata kwangu hasemi.” Nikasema sijui mama. Nimemdanganya mama mkwe wangu machoni. Mume wangu pia sijamwambia, ni mtu wa kuongea na wateja, nikimwambia leo, kesho senta nzima inajua, wakati gazeti lako hapa Nakivale nalisoma mimi peke yangu. Na watoto wananiuliza kila siku, “Mwalimu, Sajini amekukasirikia?”

Na mikono yangu inatetemeka. Si utani. Inanijia hasa jioni baada ya mazoezi, siku nyingine nashindwa kuingiza uzi kwenye sindano, juzi nilimwagia Madinah uji kifuani, bahati ulikuwa umepoa. Siogopi uzee wangu, naogopa hii mikono ndiyo inayodaka watoto. Ikiwa buko imeniingia, mtoto wa mtu ataanguka kwa sababu yangu.

Jambo la mwisho ndilo linanipa aibu. Ile hesabu ya nne, sikuogopa. Nilifurahi. Mikono ile ilikuwa imara, nikajua mtoto haendi popote, na nikamkumbuka baba yangu mzazi, aliyekufa vitani, alikuwa akinishika hivyo hivyo akinifundisha pindu kwenye nyasi za Makenke. Nililala nikiwaza nimevunja heshima ya watu na bado nimefurahi, sasa mimi ni mtu gani.

Tarehe 28 mwezi huu shule zote zinakwenda kuonyesha mazoezi uwanjani Mbarara, na sisi tumepewa nafasi ya mwisho. Provia anatembea njiani akijisemea, “Nitasimama juu, Mbarara yote inione.” Je, nimwachie mtu mwingine watoto hawa kabla sijamuumiza mmoja? Niufute mchezo wa Malkia? Au nifanye nini, Mama Halimah? Nijibu haraka kama unaweza, na samahani kwa karatasi kuchafuka, nilikuwa nanyonyesha.

Mama Madinah, Nakivale

*

Mama Halimah anajibu

Mama Madinah, sikukucheka. Nilicheka pale mtoto alipopiga saluti, hilo unisamehe.

Barua yako nimeipata tarehe 9 na nimeitanguliza mbele ya zote, kwa hiyo wale akina baba mnaosubiri jibu la wake zenu kununa, tulieni, mke ataendelea kununa wiki moja zaidi na hakuna atakayekufa.

Nianze na mikono. Unasema inatetemeka jioni, baada ya mazoezi. Asubuhi je? Hukusema, na mimi nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipokula chakula cha mchana, sikupaona. Uji wa Madinah nimeuona. Chakula cha baba mkwe nimekiona. Wewe unanyonyesha, unabeba watoto wa watu kuanzia mchana mpaka jioni, unarudi kupika, na tumboni mna nini? Buko gani hiyo inayosubiri saa kumi jioni kama wateja wa senta wanaofunga maduka? Provia alishakuambia ule. Mtoto wa miaka saba ameona, wewe mama wa watoto wawili hujaona! Kuanzia kesho, kabla ya kupuliza filimbi, unakula. Si chai. Viazi, maharage, samaki wa hilo ziwa lenu, ushibe. Na asubuhi jaza kikombe maji mpaka juu, kishike mkono umenyooshwa. Kama hakimwagiki, umepata jibu lako. Kama wiki nzima umekula vizuri na bado kinamwagika, nenda zahanati wakupime damu, na mpaka wakupime usimdake mtoto yeyote. Hapo sitanii.

Sasa buko yenyewe. Usidhani nitakuambia ni mambo ya kizamani uyatupe. Mimi pia nimeolewa na mtu wa Masaka. Baba mkwe wangu nimeishi naye ua mmoja miaka kumi na moja na sijui macho yake ni ya rangi gani. Heshima hiyo imenilinda mara nyingi, na imemlinda yeye. Lakini heshima imewekwa ili watu wa nyumba moja wakae vizuri. Haikuwekwa ili mtoto aanguke kichwa chini wakati watu wazima wawili wamekunja mikono wanatazamana visogo. Sajini alilijua hilo kabla yako, ndiyo maana aliruka gogo. Angesimama akahesabu mila, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine kabisa, na mimi nisingekuwa na la kukujibu.

Kosa lako liko kisimani. Mama mkwe alikuuliza, ukasema sijui. Mwanamke huyo sasa anaona mume wake hali, hasemi, na mke wa mtoto wake anageuza macho, unadhani anawaza chumvi mpaka lini? Mambo ya buko yakiharibika anayeyatengeneza ni mama mkwe, wewe hujui kwa sababu hukumpa nafasi. Leo hii, ukishaisoma barua hii, nenda kwake na kuku, piga magoti, sema hivi: “Mama, Alhamisi ile mtoto alikuwa anaanguka, mimi na baba tulimdaka pamoja, mikono yetu ikakutana. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa. Naomba unitengenezee.” Maneno hayo tu. Usiongeze, usilie sana. Yeye atajua kuku huyo aende wapi na kitambaa gani kipelekwe kwa mzee. Mwambie na mume wako siku hiyo hiyo, mbele ya mama yake, na hakikisha amesikia mama yake akisema senta isijue. Wanaume wenye maduka huwaogopa mama zao.

Na ile furaha yako, msichana wangu, acha kuizungusha kichwani. Ulikuwa na baba, alikufundisha pindu, akafa. Umeshikwa na mikono inayoijua kazi ile ile, ukamkumbuka. Wewe ni mtu gani? Wewe ni mtoto wa baba yako. Basi. Lala.

Sasa Malkia. Kuufuta, hapana. Kushikana tena na Sajini mbele ya Mbarara nzima, hapana pia, mtoto mmoja kuanguka ni jambo la ghafla, onyesho ni jambo la kupanga, na hayo mawili wazee hawayahesabu sawa. Nikupe langu. Mwaka huo wa vita uliowahamisha wakwe zako, hapa Ruti wanaume walikuwa wamekimbia, na mume wangu alikuwa amelala ndani ana homa hata jina lake halijui. Waliobaki uani ni mimi na baba mkwe. Alifunga miti miwili na kamba, akatengeneza machela, akasema akiwa amenipa mgongo, “Mwambie aliye nyuma anyanyue.” Hapakuwa na mtu wa kuniambia. Nikanyanyua. Yeye mbele, mimi nyuma, mpaka hospitali. Sikumgusa, hakuniona, na mume wangu yuko hapa leo ananilalamikia kwa nini taa inawaka. Hakuna mzee hata mmoja, mpaka leo, aliyesema tulivunja kitu.

Umeelewa? Tengenezeni machela ya Malkia. Miti miwili ya kalitusi iliyonyooka, ubao mpana katikati uliofungwa kwa kamba ya katani, mafundo afunge Sajini mwenyewe. Mnyanyue mpaka kiunoni tu, usiniletee mambo ya mabegani. Mwalimu Kasereka atembee upande mmoja na mkono wake mzima, yule msichana wa darasa la saba upande wa pili, magunia yatangulie chini njia yote. Siku tatu za kwanza mbebe gunia la viazi lenye uzito wa Provia, na lisipoanguka hata mara moja ndipo apande mwenyewe. Wenzake wapige pindu mbele na nyuma kama kawaida yao.

Ujumbe kwa Sajini usiupeleke wewe. Mwite Provia, mpe maneno haya: “Mwalimu anasema machela inahitaji mtu wa mbele.” Atakayoyaongeza mwenyewe njiani, mwachie.

Tarehe 28 nitakuwa uwanjani, nimeshawaambia wanawake wa hapa Ruti na wa Makenke wote waje, kwa hiyo msituaibishe. Kula kabla ya kupanda gari. Mtaingia uwanjani Sajini akiwa mbele, hatakuona, na wewe nyuma utaona kisogo na kofia yake tu, ndivyo inavyotakiwa. Yule aliye katikati yenu, amesimama mikono imenyooshwa, atawaona nyote wawili, na Mbarara yote itamwona yeye.